Nani Anashika Kimo? Kuchagua Ukaribiaji wa Vifaa Katika Simuleta ya Ndege

Ukaribiaji wa vifaa ni utaratibu wa kuishusha ndege hadi karibu na uwanja kwa kufuata saa na mishale iliyo mbele ya rubani, bila kutegemea kuiona ardhi. Kila uwanja mkubwa una taratibu kadhaa za namna hiyo, na kila mmoja una chati yake inayoeleza ndege ipite wapi, isiende chini ya futi ngapi katika kila kipande cha njia, na ifanye nini iwapo rubani atafika mwisho wa mteremko na bado hajaiona barabara ya kutua. Katika simuleta za kompyuta, iwe Microsoft Flight Simulator, X-Plane au FlightGear ambayo hailipiwi, taratibu hizo hujitokeza kama orodha fupi ya herufi: ILS, RNAV, VOR, na mbele ya kila moja namba ya barabara. Mrushaji asiyezifahamu huchukua iliyo juu kabisa, au huiacha programu imchagulie, na hapo ndipo matatizo mengi ya kutua yanapoanzia, maili 20 kabla ya uwanja kuonekana.

Herufi hizo zinajibu swali moja lenye uzito: nani anashika kimo? Kwa upande wa kushoto na kulia, karibu kila utaratibu humwelekeza rubani vya kutosha. Tofauti kubwa iko kwenye kushuka. Katika baadhi ya taratibu, mtambo wa ardhini humchorea rubani mteremko mzima hadi kwenye kizingiti cha barabara. Katika nyingine, mteremko hutengenezwa na kompyuta ya ndege kwa kutegemea setilaiti au mgandamizo wa hewa. Halafu ziko zile ambazo hakuna chochote kinachomshikia rubani kimo. Hushuka kwa hesabu yake mwenyewe, na akikosea hesabu hakuna mshale utakaomshtua. Anayeliweka swali hilo mbele ataelewa hata utaratibu ambao hajawahi kuuona.

Namba inayofuata herufi ni uelekeo wa barabara kwa dira, ikiwa imeondolewa tarakimu ya mwisho. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, una barabara moja yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 na majina mawili: 06 kwa ndege inayotua ikielekea kaskazini-mashariki, na 24 kwa inayotua ikitokea upande huo. Upepo wa Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo ndege nyingi hutua 06 zikiukabili. Hilo ndilo chujio la kwanza. Upepo huamua ncha ya barabara, kisha vifaa vilivyopo kwenye ncha hiyo, pamoja na vile vilivyofungwa ndani ya ndege, huamua aina ya ukaribiaji. Kuchagua ILS nzuri ya ncha isiyofaa na kutua ukisukumwa mgongoni na upepo wa noti 15 ni kosa la mwanzoni ambalo simuleta hulisamehe, lakini barabara fupi hailisamehe.

Utaratibu wowote una vipande vinne. Kipande cha kwanza huanzia kwenye nukta ya kuingilia. Cha pili huipanga ndege kwenye mstari wa barabara na kuipunguzia mwendo. Cha tatu ni cha kushukia. Cha nne ni cha kupaa tena pale kutua kunaposhindikana. Simuleta humwuliza mrushaji aanzie nukta gani, au kama ataelekezwa na mwongoza ndege hadi kwenye mstari wa mwisho. Anayejifunza afadhali achague nukta yenye jina, maana atapita kila kipande kama kilivyochorwa. Akichagua kuelekezwa, kompyuta nyingi za ndege hufuta vipande vya mwanzo na kubakiza mstari wa mwisho peke yake, na mrushaji akabaki akishangaa njia yake imekatikia wapi kwenye skrini.

Chini kabisa ya chati kuna kisanduku cha vimo, na hapo lile swali la kimo hujibiwa waziwazi. Utaratibu wenye mteremko hupewa kimo cha uamuzi. Ndege hufika hapo ikiwa bado inashuka, na rubani huamua papo hapo: anaona taa au barabara, anaendelea, haoni, anapaa. Utaratibu usio na mteremko hupewa kimo cha kikomo, yaani sakafu ambayo haivunjwi hata kwa futi moja hadi barabara ionekane. Vimo hivyo hutofautiana pia kwa mwendo wa ndege. Ndege inayofika kizingitini kwa mwendo wa chini ya noti 91 iko daraja A, na Cessna 172 imo humo. Boeing 737 huwa daraja C au D, na mara nyingi sakafu yake huwa juu zaidi, kwa sababu ndege yenye mwendo mkubwa huhitaji nafasi pana ya kugeukia.

ILS ndiyo inayopendwa kuliko zote, na inastahili. Ni redio mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza, lokalaiza, ina safu ya antena iliyosimama ng'ambo ya mwisho wa barabara na hutangaza kwenye masafa ya kati ya megahezi 108 na 112. Ya pili, redio ya mteremko, husimama kando ya barabara, kiasi cha mita 300 kutoka kizingitini. Kila moja hutuma milio miwili, mmoja wa hezi 90 na mwingine wa hezi 150. Ndege inayokaribia ikiwa kushoto ya mstari, mlio wa 90 huzidi. Ikiwa kulia, wa 150 huzidi. Ikiwa katikati, milio hulingana na mshale hutulia. Kwenye mteremko mambo ni hayo hayo, 90 ikitawala juu na 150 chini. Kipokezi hakijui ndege iko umbali gani wala inakwenda uwanja gani. Kinachopimwa ni tofauti ya milio miwili, basi.

Ndiyo maana kila kituo hutangaza jina lake kwa alama za Morse, na ndiyo maana rubani wa kweli hulisikiliza kabla ya kuuamini mshale. Simuleta nzuri hutoa alama hizo, na paneli ya redio huwa na kitufe cha kuzifungulia. Sekunde kumi za kusikiliza humwokoa mrushaji na kosa la kuacha masafa sahihi kwenye dirisha la akiba huku redio ikisikiliza kituo cha uwanja alioondokea.

Mteremko wa kawaida ni wa nyuzi 3, maana yake ndege hushuka futi 318 kwa kila maili ya baharini. Kasi ya kushuka hupatikana haraka kwa kuzidisha mwendo wa ardhini kwa 5: noti 140 zinataka futi 700 kwa dakika. Nairobi hesabu hiyo ina mtego. Uwanja uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo ndege ambayo saa yake ya mwendo inasoma noti 140 inakwenda kwa kweli kama noti 154 pasipokuwa na upepo. Kushuka kunakotakiwa si 700, ni karibu 770. Aliyezoea kutua Dar es Salaam au Mombasa, ambako bahari iko jirani, atashuka kwa futi 700 alizozizoea, kisha ataona mshale wa mteremko ukizama taratibu chini ya alama ya katikati. Mtambo hauna kasoro. Ndege ndiyo iliyobaki juu ya njia yake.

Mwinuko huo wa Nairobi una historia nzito. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ikikaribia uwanja huo, wakati huo ukiitwa Embakasi, iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500. Marubani walielewa futi 5,000, namba iliyo chini ya uwanja wenyewe, wakaiweka kwenye otopailoti. Ndege ilitoka mawinguni ikiwa imekaribia nyika na ikapaa tena baada ya kufika kiasi cha futi 70 kutoka ardhini. Hakuna aliyeumia. Mrushaji wa simuleta anayeandika mwinuko wa uwanja kwenye karatasi kabla ya kuanza kushuka anafanya kazi ndogo ambayo siku ile ingetosha kulinasa kosa hilo mapema.

Namna ILS inavyokamatwa inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapa ndipo wanaoanza hukwama zaidi. Katika Cessna 172 yenye skrini za Garmin G1000, utaratibu hupakiwa kwanza kutoka kwenye orodha, na mara nyingi masafa ya lokalaiza hujiweka yenyewe kwenye redio. Hata hivyo mshale wa katikati ya dira unaweza kuwa bado unafuata setilaiti. Unaonekana kwa rangi ya zambarau iliyokolea. Kitufe kilichoandikwa CDI huuhamisha hadi ugeuke kijani, dalili kwamba sasa unasikiliza lokalaiza. Ndege hupelekwa kwenye mstari kwa pembe ya nyuzi kama 30, ikiwa imetulia kwenye kimo kilichoandikwa kwenye chati na ikiwa chini ya mteremko. Hapo kitufe cha APR, yaani cha kukaribia, hubonyezwa. Juu ya skrini herufi za LOC na GS hutokea kwa rangi nyeupe, kuonyesha kuwa zinasubiri. LOC hugeuka kijani kwanza na ndege hujipinda kuelekea barabarani. Kisha alama ya mteremko huanza kushuka kutoka juu, na inapofika katikati GS nayo hugeuka kijani, pua ya ndege ikainama.

Ikiwa mshale ulibaki zambarau, otopailoti haitaishika ILS hata kitufe kibonyezwe mara ngapi. Lawama nyingi wanazotupiwa watengenezaji wa programu zinatokana na hatua hii moja iliyorukwa.

Kuwa chini ya mteremko unapoukamata si pambo la vitabuni. Antena ya mteremko hutoa pia miteremko ya uongo juu ya ule wa kweli, mmoja ukiwa kwenye nyuzi kama 9. Ndege inayokuja ikiwa juu mno inaweza kukutana na huo na kuufuata, au isikamate chochote ikapita juu ya uwanja. Dawa ni kushuka mapema. Kanuni inayotumiwa na marubani wengi ni maili 3 kwa kila futi 1,000 za kushuka, pamoja na maili chache za kupunguzia mwendo. Anayetoka futi 15,000 kwenda kukamata mteremko kwenye futi 8,000 anahitaji maili 21 za kushuka peke yake.

ILS ya kawaida, daraja la kwanza, humfikisha rubani hadi futi 200 juu ya kizingiti akiwa na uwezo wa kuona mita 550 za barabara. Daraja la pili hushuka hadi futi 100, na la tatu huenda chini zaidi, hadi ndege kujitua yenyewe. Simuleta haimzuii mtu kuiacha ndege ya abiria ijitue kwenye ukungu mzito, na ni zoezi zuri la kuelewa mitambo. Ila madaraja hayo ya chini yanahitaji mtambo wa uwanja, ndege na marubani vyote viwe vimeidhinishwa. Uwanja wenye ILS si lazima uwe na ILS ya daraja hilo.

Wakati mwingine redio ya mteremko imezimwa au haikufungwa kabisa, ikabaki lokalaiza pekee. Orodha itaandika LOC. Hapo kushoto na kulia kuna mwongozo uleule, lakini kimo kimerudi mikononi mwa rubani. Kwenye otopailoti nyingi kitufe kinachofaa ni cha NAV badala ya cha kukaribia, na kushuka hupangwa kwa mkono. X-Plane ina orodha ya hitilafu ambamo mteremko unaweza kuzimwa katikati ya safari. Ni zoezi bora mno, kwa kuwa humfundisha mrushaji kuligundua jambo ambalo halipigi kengele.

VOR ni kinara cha redio kinachotangaza kwenye masafa ya megahezi 108 hadi 118 na kuigawa dunia inayokizunguka katika mistari 360, mmoja kwa kila nyuzi. Rubani huchagua mstari, na mshale humwambia yuko upande gani wake. Ikiwa pana DME, kifaa cha kupima umbali, hupata pia maili zilizobaki. Umbali huo hupimwa kwa mshazari kutoka ndege hadi kituo, si juu ya ardhi: ndege iliyo futi 6,000 juu ya kituo husoma karibu maili 1 ingawa iko juu yake kabisa. Isitoshe, kinara hakiko kizingitini siku zote. Kinaweza kuwa katikati ya uwanja, au kilimani maili kadhaa kutoka hapo, na chati peke yake ndiyo itakayosema sifuri ya DME iko wapi.

Zamani ukaribiaji wa VOR ulifanywa kama ngazi: kushuka haraka hadi sakafu ya kipande kimoja, kutulia, kushuka tena. Siku hizi marubani wa mashirika hupendelea kushuka mfululizo kwa pembe moja, wakilinganisha kimo na maili. Hesabu ni ileile ya futi 318, au 320 kwa urahisi. Kwa uwanja wenye mwinuko wa futi 5,300, ndege iliyobakiwa na maili 5 hadi kizingitini inatakiwa iwe karibu futi 6,900. Ikibakiwa na maili 4, iwe karibu 6,580. Mrushaji anayeandika ngazi hizo pembeni mwa chati na kuzisoma kwa sauti kila maili inapopita atashangaa jinsi ndege inavyoifikia barabara ikiwa imetulia.

Kwamba mwanadamu ndiye anayeshika kimo hapa kulionekana kwa uchungu Ufaransa, tarehe 20 Januari 1992. Airbus A320 ya Air Inter ilikuwa ikifanya ukaribiaji wa VOR na DME kwenda Strasbourg usiku. Njia ilitaka mteremko wa nyuzi 3.3. Kitasa cha otopailoti katika ndege ile kilikuwa na matumizi mawili: kuweka pembe ya kushuka au kuweka kasi ya kushuka, kutegemea hali iliyochaguliwa. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba namba ya 33 iliingizwa kitasa kikiwa katika hali ya kasi, na ndege ikashuka futi 3,300 kwa dakika badala ya nyuzi 3.3. Iligonga mlima karibu na Mont Sainte-Odile. Kati ya watu 96, walionusurika ni 9. Onyesho la A320 lilibadilishwa baadaye ili namba hizo mbili zisifanane. Kitasa hicho kimo hata kwenye A320 za simuleta, na anayekivuta au kukisukuma bila kusoma kilichoandikwa juu ya skrini anarudia jambo lilelile, ingawa yeye ataamka salama kitini pake.

NDB ndiyo kongwe na ndiyo dhaifu. Hutangaza kwenye masafa ya chini, chini kidogo ya redio za masafa ya kati na hata kuingiliana nayo, na sindano ndani ya ndege huelekea kilipo kituo. Ni kama adhana inayosikika kwa mbali, inayojulisha msikiti uko upande gani bila kusema zimebaki hatua ngapi. Usiku mawimbi yake hurudi kutoka tabaka za juu za anga na kuiyumbisha sindano. Pwani hupinda yanapovuka kutoka nchi kavu kuingia baharini. Kukiwa na radi, sindano inaweza kuifuata radi. Simuleta nyingi hazionyeshi kasoro hizo, hivyo mrushaji huiona NDB kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Nchi nyingi zinaiondoa. Mahali ilipobaki, sakafu yake huwa juu, na hakuna sababu ya kuichagua ikiwa kuna kingine, isipokuwa kwa mazoezi ya kusahihisha upepo.

RNAV, ambayo chati mpya zinaiandika RNP, haihitaji mtambo wowote uwanjani. Ndege hufuata nukta zilizohifadhiwa kwenye kompyuta yake kwa kujua ilipo kupitia setilaiti. Ndiyo maana viwanja vidogo ambavyo havingeweza kugharamia ILS sasa vina ukaribiaji unaoeleweka. Lakini jina moja la RNAV hufunika mambo matatu tofauti, na jibu liko kwenye kile kisanduku cha vimo. Mstari wa LNAV hutoa kushoto na kulia tu. Kimo ni cha rubani, sawa na VOR, hata kama kompyuta itachora mteremko wa kumsaidia. Mstari wa LNAV/VNAV huongeza mteremko ambao kwa kawaida kompyuta ya ndege huukokotoa kutokana na mgandamizo wa hewa. Mstari wa LPV hutumia setilaiti zilizosahihishwa, kama WAAS iliyoanza kazi Marekani mwaka 2003 na EGNOS ya Ulaya, na unaweza kumshusha rubani hadi futi 200, sawa na ILS ya kawaida. Nje ya maeneo yanayofunikwa na mifumo ya namna hiyo, mstari wa LPV haupo kwenye chati.

Mteremko wa mgandamizo wa hewa unaonekana kwenye skrini sawasawa na ule wa ILS: alama ileile, upande uleule, na otopailoti huufuata kwa utulivu uleule. Chini yake lakini kuna namba iliyoingizwa na mtu, ile ya kurekebishia altimita. Hektopaskali moja ni kama futi 28. Mei 2022, Airbus A320 iliyokuwa ikikaribia uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, kwa utaratibu wa LNAV/VNAV, marubani wake walipewa 1011 badala ya 1001. Ndege nzima ilisafiri futi 280 chini ya njia yake, mishale yote ikiwa katikati, na ilifika kiasi cha futi 6 kutoka ardhini kabla ya kupaa, ikiwa bado haijaufikia uwanja. ILS isingedanganyika hivyo, kwa kuwa mteremko wake hautoki kwenye altimita. Katika Microsoft Flight Simulator, herufi B ya kibodi huirekebisha altimita yenyewe. Ni bora kuizoea ile njia ndefu: kusikiliza taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, kuweka namba kwa mkono na kuilinganisha.

Joto nalo huuchezea mteremko wa aina hii. Siku ya joto kali ndege huwa juu kuliko altimita inavyosema na njia huwa na mwinamo mkubwa kidogo. Siku ya baridi kali njia hulala na kukaribia vilima, na ndiyo sababu chati huandika kipimo cha joto ambacho chini yake LNAV/VNAV hairuhusiwi. Zipo pia taratibu za RNP zenye kupinda kati ya milima, kama za Queenstown, Nyuzilandi, ambazo marubani wa kweli huzifanya kwa kibali maalumu. Simuleta huzifuata vizuri ndege ikiwa na kompyuta inayozielewa.

Baada ya yote hayo, uchaguzi wenyewe huenda haraka. Upepo unataja ncha ya barabara. Wingu na umbali wa kuona hutaja kimo kinachohitajika: dari ya mawingu ikiwa futi 300, utaratibu wenye kikomo cha futi 600 umeshajiondoa wenyewe. Vifaa vya ndege hutaja kinachobaki; ndege ya zamani isiyo na setilaiti haiwezi RNAV, na baadhi ya ndege za kisasa hazina tena kipokezi cha NDB. Ikiwa ILS na RNAV zote zinafaa na mawingu yako chini, ILS ina haki ya kutangulia, hasa pasipo na LPV. Mawingu yakiwa juu, mwanafunzi anafaidika zaidi akichagua VOR au LNAV na kushika kimo mwenyewe, kwa kuwa ujuzi huo hauji kwa kuutazama mshale ukijipanga.

Data za simuleta pia zina umri. Data rasmi za usafiri wa anga duniani hubadilishwa kila baada ya siku 28, na programu inaweza kuwa nyuma kwa miezi au miaka. Chati mpya iliyochapishwa na mamlaka ya usafiri wa anga inaweza kutaja nukta ambayo kompyuta ya simuleta haiijui, au ILS iliyokwisha kubadilishwa masafa. Mrushaji huchagua chati na data zinazopatana, hata kama zote mbili ni za zamani.

Kuna pale ambapo utaratibu mzuri uko ncha moja na upepo unataka ncha nyingine. Ndege hushuka kwa utaratibu huo hadi kimo cha kuzunguka, rubani huiona barabara, kisha huuzunguka uwanja kwa macho na kutua upande wa pili. Chati huandika vimo vya kuzunguka peke yake, vikiwa juu kuliko vya kutua moja kwa moja, na wakati mwingine hukataza upande wenye vilima. Barabara ikipotea machoni katikati ya mzunguko, hapana kuitafuta, ndege hupaa.

Kupaa tena ndicho kipande kinachorukwa zaidi kwenye simuleta, kwa sababu kitufe cha kuanza upya kiko karibu. Ni hasara, maana ndiko kwenye kazi nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwenye kimo cha uamuzi nguvu za injini husukumwa mbele, pua huinuliwa, flapu hupunguzwa hatua moja, na ndege inapoonyesha wazi kwamba inapaa, magurudumu hukunjwa. Kisha njia ya kupaa hufuatwa kama ilivyoandikwa, ikiwa na kimo chake, upande wa kugeukia na nukta ya kusubiria. Katika ndege iliyokuwa ikifuata lokalaiza, mshale hurudishwa kwenye setilaiti ili kompyuta iongoze kwenda kwenye nukta hiyo. Kwenye G1000 ni kile kile kitufe cha CDI, na kijani hugeuka tena zambarau. Hapo rubani ana nafasi ya kukagua mafuta, kusikiliza upya hali ya hewa, na kuifungua tena orodha ya taratibu kuona kama kuna wenye kimo cha chini zaidi, au kama safari iendelee uwanja mwingine.